Matanga Yakishaanuliwa: Kwa Kijana Aliyefiwa Ghafla na Mwenzi Wake

Kama ungali umeketi mkekani, soma kidogo kidogo, au mpe mtu unayemwamini akusomee. Nimekuandikia wewe mke au mume uliyefiwa na mwenzako mapema na bila kuagana: ajali ya bodaboda, moyo uliosimama kazini, damu iliyokataa kukatika baada ya kujifungua, homa ya siku mbili. Pole sana. Taratibu za kisheria nitakazozitaja ni za Tanzania. Mengine yote ni ya mfiwa popote alipo.

Kuna jambo litakalojirudia humu tangu mwanzo hadi mwisho. Tangu dakika ile simu ilipoita, watu wengine ndio wenye wakati wako. Wanapanga mwili usafirishwe lini, uzikwe wapi, ulie hadi lini, urudi kazini lini, uhame lini, uolewe au uoe lini. Wengi wanafanya hivyo kwa mapenzi, na kwa kuwa umri wako ni mdogo wanaona hujui la kufanya. Kazi yako, polepole, ni kuurudisha wakati huo mikononi mwako. Yapo mambo machache ambayo kweli hayasubiri. Mengi yaliyobaki hayana haraka hata chembe, ingawa utaambiwa yanayo.

Siku za mkeka

Kabla ya lolote, teua mtu mmoja wa kukusemea. Awe anaheshimika kwenu na kwa wakwe, lakini asiwe ameumia kama wewe. Wengi mliofunga ndoa mna wasimamizi wenu wa harusi ambao hamjawatafuta tangu mlipokata keki; sasa ndio wakati wao. Mpe simu yako. Picha za ajali siku hizi hufika kwenye magrupu ya WhatsApp kabla ndugu hawajapewa taarifa, na picha ya namna hiyo ukishaiona haikutoki. Mwambie azifute kwanza, ndipo akurudishie simu.

Utaulizwa kama unataka kumwona marehemu, au utazuiwa bila kuulizwa. Watakuambia umkumbuke alivyokuwa. Nia yao njema, ila uamuzi ni wako. Mtu aliyeondoka asubuhi mzima akarudi jioni ameshafariki, akili ya aliyebaki nyumbani huchukua muda mrefu kulikubali hilo, na wafiwa wengi husema kumwona kuliwasaidia. Kama mwili umeumia vibaya, mtume kwanza mtu mwenye moyo wa kukuambia kweli. Akamwone, akueleze kilichopo, kisha uamue. Unaweza kuomba afunikwe uso, ukamshika mkono tu. Na kama ninyi ni Waislamu, jua kwamba kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani yetu, mke anaruhusiwa kumwosha mumewe na mume kumwosha mkewe. Vijana wengi hawaambiwi hilo mpaka sanda imeshafungwa.

Ukiwa na neno kuhusu mahali pa kuzikia, litoe mapema kupitia msemaji wako, kabla gari halijakodiwa. Ukilitoa baada ya hapo litageuka ugomvi mbele ya jeneza, nawe huna nguvu za ugomvi.

Kutakuwa na maneno. Utaambiwa kazi ya Mungu haina makosa. Utaambiwa jikaze, una watoto. Na kuna lile linalochoma kuliko yote, ambalo mzee anayefiwa na mkewe wa miaka hamsini haambiwi kamwe: wewe bado mdogo, utapata mwingine. Anayelisema ameishiwa maneno. Mjibu "asante" basi, huna deni la kumjibu zaidi. Ukiona mtu analirudia kila siku, msemaji wako amwombe anyamaze.

Omba nakala ya daftari la rambirambi. Si kwa ajili ya kukagua watu. Baada ya miezi michache, fedha za msiba zinapoanza kuulizwa, daftari hilo ndilo litakalokulinda, wewe na kamati ya msiba pia. Nyaraka zote za nyumbani ziweke kwenye mfuko mmoja sasa hivi, umkabidhi mtu wa kwenu: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho cha NIDA cha marehemu, hati au mkataba wa mauziano ya kiwanja, kadi ya gari au pikipiki, kadi za benki na za mfuko wa hifadhi ya jamii, vitabu vya VICOBA na SACCOS, karatasi za bima. Kila moja ipigwe picha. Nyumba yenye msiba huingiwa na watu wengi, na karatasi hupotea bila hata mwizi.

Machache yasiyosubiri

La kwanza ni cheti cha kifo, maana bila hicho hakuna mlango mwingine utakaofunguka. Kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30. Aliyefia hospitalini, hospitali hutoa taarifa ya kifo na kibali cha mazishi, na kwa karatasi hizo unaomba cheti kwa wakala wa usajili, RITA, kupitia ofisi ya wilaya au kwa mtandao wao. Aliyefia nyumbani, anzia kwa mtendaji wa kijiji au kata. Zanzibar kazi hiyo iko kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Kama ni ajali, tafuta pia ripoti ya polisi, na hakikisha namba ya gari na ya bima yake imeandikwa, kwa sababu kila chombo cha moto kinalazimika kisheria kuwa na bima ya mtu wa tatu, na familia ya aliyeuawa inaweza kuidai. Aliyefia kazini, au safarini kwa shughuli ya mwajiri, wategemezi wake wanaweza kudai katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF na PSSSF, nayo ina mafao ya warithi. Madai haya yana muda wake; ulizia mapema, hata kama utamtuma mtu.

Kama kuna mkopo wa benki, usianze kuulipa kwa rambirambi kabla ya kuuliza kama ulikuwa na bima. Mikopo mingi ya watumishi hukatiwa bima ya maisha inayofuta deni mkopaji akifa, na wajane wengi wamelipa deni ambalo halikuwapo tena.

Kisha mirathi. Hapa nakuomba utulie nami kidogo, kwa sababu hapa ndipo vijana hupoteza nyumba.

Desturi ni kwamba ukoo unakaa kikao, mara nyingi siku ya kuanua matanga, na kupendekeza msimamizi wa mirathi. Mahakama hupenda kuuona muhtasari wa kikao hicho. Lakini kikao hakina mamlaka ya kugawa mali, na msimamizi huteuliwa na mahakama. Usisaini karatasi yoyote mkekani. Mwenye haraka ya sahihi yako siku ya tatu, mwambie kwa adabu, "Baba mdogo, naomba niichukue niisome." Unaweza kupendekezwa wewe mwenyewe kuwa msimamizi, au wewe pamoja na ndugu wa marehemu. Akiteuliwa mtu usiyemwamini, una haki ya kupeleka pingamizi mahakamani. Na msimamizi hawi mrithi kwa kuwa msimamizi: anakusanya mali, analipa madeni, anagawa kwa wenye haki, kisha anatoa hesabu mahakamani. Shemeji aliyepewa usimamizi akahamia nyumbani kwako amevunja sheria.

Kinachogawanywa kinategemea sheria itakayotumika, na mahakama huangalia marehemu aliishije. Kwa sheria ya Kiislamu mjane ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, mume akiwa ameacha mtoto, na robo akiwa hakuacha. Mgane ana robo mkewe akiwa ameacha mtoto, na nusu akiwa hakuacha. Kwa sheria ya India ya mwaka 1865 ambayo bado inatumika kwetu kwa Wakristo wengi na wengine walioacha maisha ya kimila, mjane ana theluthi moja kukiwa na watoto. Kwa sheria za kimila zilizoandikwa mwaka 1963, mjane hana fungu lake mwenyewe. Anategemea kutunzwa na watoto wake. Ndiyo maana mtu akisema "tufuate mila tu, tusipelekane mahakamani," uulize kwanza mila hiyo inakupa nini.

Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, wanaojulikana katika kumbukumbu za Umoja wa Mataifa kwa herufi E.S. na S.C. tu, walifiwa na waume zao mwaka 1999 na 2000. Walitolewa majumbani kwao na ndugu wa waume, pamoja na watoto. Walikwenda Mahakama Kuu, ikakiri kwamba mila ile inabagua lakini haikuifuta; rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa dosari ya nyaraka. Kwa msaada wa Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC, shauri likafika kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, Kamati ya CEDAW, ambayo mwaka 2015 ilisema haki zao zimevunjwa. Nalitaja ili usidhani yaliyokukuta ni aibu ya familia yako peke yako. Tafuta msaada mapema. WLAC wapo, Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, kipo, na tangu sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 wapo wasaidizi wa kisheria wilayani wasiotoza fedha.

Kama hamkufunga ndoa, usikate tamaa kabla ya kuuliza. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mke na mume hudhaniwa kuwa wanandoa. Ni dhana inayoweza kupingwa, kwa hiyo kusanya ushahidi: barua ya posa, picha za mahari, kadi za kliniki zenye jina lake, neno la mjumbe. Kwa upande wa watoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kunyimwa manufaa yake katika mali ya mzazi, awe wa ndoa au nje ya ndoa.

Nyumba, kuuza kiwanja, kuhamia kijijini, kuwagawa watoto kwa mashangazi, kumkopesha mtu fedha za rambirambi: hayo yote yasubiri. Na hapa mila na dini zetu zinaweza kukusaidia kuliko unavyodhani. Mfiwa akisema "nitajibu baada ya arobaini" au "nikishatoka eda", hakuna mzee atakayemwona mkaidi. Itumie nafasi hiyo. Ikifika na bado hujawa tayari, omba nyingine.

Kazi, eda na mwili wako

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa aliyefiwa na mwenzi angalau siku 4 za mapumziko zenye malipo. Eda ya Mwislamu aliyefiwa na mume ni miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue kama ni mjamzito. Pengo hilo ni kubwa, na mjane kijana mwenye ajira anajikuta katikati yake. Omba likizo ya mwaka iunganishwe na zile siku 4. Andika barua, usiombe kwa mdomo. Na kama unakaa eda, muulize mwanazuoni unayemwamini kabla hujaacha kazi: wanazuoni wengi humruhusu mjane kutoka mchana kwa haja ya lazima, riziki, hospitali au mahakama, mradi usiku alale nyumbani kwake. Nimesikia wasichana wakisema walikosa mafao kwa sababu waliambiwa wasivuke kizingiti hata kwenda kutoa alama ya kidole.

Kwa walio katika eda na wasio, mwili nao unafiwa. Pumzi zinakuwa fupi, tumbo tupu bila njaa, mikono mizito, usingizi unakatika saa tisa usiku. Unasikia pikipiki getini saa ile aliyokuwa akirudi na moyo unaruka. Unamwona mgongo sokoni. Hujachanganyikiwa, wafiwa wengi hupitia hayo. Kunywa uji hata kama huna hamu, maji zaidi, na upate jua la asubuhi. Kama unanyonyesha, maziwa yanaweza kuchelewa kushuka kwa sababu ya mshtuko. Endelea kumweka mtoto kifuani, yatarudi. Dawa za usingizi za kununua dirishani ziepuke, na pombe pia, kwa sababu vyote viwili huahirisha tu na kukudai baadaye. Kifua kikibana au mkono wa kushoto ukiuma, nenda hospitali usiku huohuo. Upo ugonjwa wa moyo unaoletwa na mshtuko mkubwa, ambao madaktari wa Japani waliueleza mwaka 1990, na dalili zake zinafanana kabisa na za moyo kuziba.

Mkono wa mtu, na maswali ya usiku

Kifo cha kijana hakikosi maneno. Mtu wa miaka thelathini na mbili hafi hivihivi, watasema, kuna mkono wa mtu. Wakati mwingine kidole kinamgeukia mjane mwenyewe. Usishiriki kutafuta mchawi, hata pale uchungu unapokutaka upate wa kumlaumu. Badala yake omba sababu ya kifo iliyoandikwa, na ripoti ya uchunguzi wa mwili kama ulifanyika. Karatasi ile inatuliza minong'ono mingi. Ukitishwa, au ukianza kuambiwa kwamba ni lazima "utakaswe" au urithiwe na shemeji, kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa kinasema wazi kwamba mjane yuko huru kuishi anapotaka, kubaki bila mume, au kuolewa na mwanamume anayemchagua mwenyewe, mila iseme inavyosema. Dawati la jinsia na watoto liko kwenye vituo vingi vya polisi, nenda na mtu.

Maneno ya nje yana mwisho wake. Yanayokuja saa tisa usiku ndiyo magumu. Ningempigia simu asingepanda ile pikipiki. Angenisikiliza akaenda kupima presha. Tusingegombana asubuhi ile. Kifo cha ugonjwa mrefu humpa mtu nafasi ya kuomba radhi. Cha ghafla hakimpi, basi akili inairudia siku ile ya mwisho kana kwamba ikiirudia vizuri itaibadilisha. Chukua karatasi, andika ulichokijua asubuhi ile. Kile tu ulichokijua saa ile, sio unachokijua leo. Wengi wakiandika hivyo wanaona walitenda kama mtu yeyote mwenye mapenzi angetenda. Kama swali ni la kitabibu na halikupi usingizi, nenda kwa daktari aliyemhudumia ukamuulize ana kwa ana: kulikuwa na dalili, na ingewezekana kumwokoa? Jibu gumu la kweli huumiza mara moja. Swali lisilojibiwa huumiza kila usiku.

Na ule ugomvi wa asubuhi ulikuwa ugomvi wa kawaida wa watu wanaoishi pamoja. Mngeumaliza jioni kama mlivyomaliza mingine yote. Unaweza kwenda kaburini ukamwambia uliyotaka kumwambia. Hakuna dini ya kwetu inayokataza kuzungumza na huzuni yako.

Watoto

Usimwambie mtoto kwamba baba amesafiri. Atamngoja, na siku akijua kweli hatakuamini tena. Usiseme amelala, maana ataogopa kulala. Sema amekufa: mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii maumivu, na hawezi kurudi. Mwambie wewe mwenyewe kama unaweza, ukiwa umemshika, kabla hajasikia kwa watoto wa jirani. Kisha mwambie mambo matatu ambayo mtoto huyawaza bila kuyasema: si yeye aliyesababisha, wewe hujafa, na nani atakayempikia na kumpeleka shule kesho.

Mtoto chini ya miaka mitano hivi hajui bado kwamba kifo hakirudi nyuma. Atakuuliza leo, kesho na mtondogoo, "Baba anakuja lini?" Jibu lilelile kila mara, kwa sauti ileile. Atalia dakika tano kisha atoke kwenda kucheza mpira wa makaratasi, na shangazi mtu ataona hana uchungu. Anao, ila watoto huingia na kutoka katika huzuni, hawakai humo siku nzima kama sisi. Mwenye miaka minane na zaidi muulize kama anataka kwenda makaburini, umweleze atakachokiona, na umpe mtu mzima wa kumshika mkono ambaye si wewe. Mwalimu wake aambiwe kabla hajarudi darasani.

Mtoto akikuona ukilia hapati madhara. Akikuona umejifungia siku nyingi bila neno, ndipo anapoogopa. Picha ya marehemu ibaki ukutani mahali anapoifikia kwa macho.

Kwa wagane

Ndugu yangu uliyefiwa na mke, kwako msiba una ukatili wa namna nyingine. Umeambiwa mwanamume halii, na baada ya wiki mbili umeulizwa nani atakupikia. Watoto wameanza kugawanywa: mkubwa kwa bibi, wa kati kwa shangazi Mwanza, mdogo kwa mama mkubwa. Zuia hilo kama unaweza kwa namna yoyote. Waliofiwa na mama wasifiwe na ndugu zao pia. Omba mama yako au dada yako aje akae kwako, badala ya watoto kutawanyika kwenda kwao. Jifunze mambo ambayo alikuwa akiyajua yeye peke yake: siku za kliniki, dawa ya pumu ya mtoto iko wapi, ada inalipwa kwa akaunti gani, nani anawasuka nywele.

Kama ameacha kichanga, nenda kliniki siku hiyohiyo ukaelekezwe maziwa na vipimo vyake. Maziwa ya ng'ombe yasiyo na maelekezo ya mhudumu ni hatari kwa mtoto mchanga. Akijitokeza ndugu wa kumnyonyesha, ni baraka kubwa, ila apimwe VVU kwanza, na Waislamu wakumbuke kwamba kunyonya kunajenga undugu wa kunyonya, kwa hiyo mkumbuke nani alimnyonyesha nani.

Na ulie. Kama huwezi mbele za watu, lia bafuni au shambani. Huzuni ya wanaume mara nyingi hutoka kama hasira, pombe au kazi isiyo na mwisho, na walio karibu hawaitambui mpaka imevunja kitu kingine.

Baada ya watu kuondoka

Maturubai yakishashushwa na viti kurudishwa, nyumba inakuwa kubwa. Wengi husema mwezi wa tatu au wa nne ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza. Mshtuko uliokuwa ukikufunika umeondoka, na watu wameacha kupiga simu wakidhani umeshapoa. Usijione unarudi nyuma.

Utakutana na watu wanaokuambia huzuni ina hatua tano: kukataa, hasira, na kadhalika. Hatua hizo zilitoka katika kitabu cha Elisabeth Kübler-Ross cha mwaka 1969, na yeye alizungumza na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa wenyewe. Usijipime kwa ngazi hiyo. Mimi naona yanayofaa zaidi ni maelezo ya watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, ya mwaka 1999. Wanasema mfiwa huenda na kurudi: leo yuko katika kumlilia aliyeondoka, kesho yuko katika kujifunza maisha mapya, kulipa umeme, kufungua duka, kucheka. Kwenda na kurudi ndiko kupona kwenyewe. Kwa hiyo siku utakayojikuta umecheka sana harusini kwa binamu yako, hukumsaliti mtu. Na siku utakayolia kwenye daladala kwa sababu ya wimbo, hukuanza upya.

Tenga saa za huzuni na saa za mapumziko. Ijumaa jioni, au Jumapili baada ya ibada, kaa na picha zake, soma jumbe zake, lia. Siku nyingine jipe ruhusa ya kuziacha. Laini yake ya simu usiiache ifungwe kabla hujahifadhi sauti na picha zilizomo, lakini fedha iliyomo ni ya mirathi. Usiitoe kwa namba yake ya siri. Nguo toa ukiwa tayari, hata zikikaa kabatini miaka miwili. Siku za kukumbukwa, ya kuzaliwa kwake, ya harusi yenu, ya mwaka mmoja, zipangie mapema uwe na nani na wapi, maana zikikukuta peke yako zinaumiza zaidi.

Tafuta mtu mwingine aliyefiwa kijana. Mmoja tu anatosha. Wajane wazee wana huruma, lakini hawajui unavyojisikia ukiwa peke yako kwenye kikao cha wazazi shuleni ukiwa na miaka ishirini na tisa. Uliza kanisani, msikitini, kwenye kikundi cha VICOBA. Wapo wengi kuliko wanavyoonekana.

Na ukiona miezi sita imepita na kila siku bado iko kama ya kwanza, huwezi kufanya kazi, huwezi kuwatunza watoto, hutaki kuamini kabisa, hiyo ni hali inayotambulika na kutibika; Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu 2022. Ukianza kuwaza kumfuata, usingoje hata siku moja: mwambie mtu aliye karibu nawe neno kwa neno, na aende nawe hospitali. Muhimbili, KCMC, Bugando na Mirembe wana wataalamu wa afya ya akili, na hospitali ya wilaya itakupa rufaa. Kusali na kwenda kwa daktari havipingani.

Kuhusu kuolewa au kuoa tena, wapo watakaokuharakisha na wapo watakaokukataza, na wote watakuwa na sauti kubwa. Ni uamuzi wako. Ninachokusihi ni mambo mawili. Usiingie katika nyumba mpya kwa sababu ya kodi ya nyumba au ya kuogopa usiku, kwani shida hizo zina majibu mengine. Na kabla hujaingia, mirathi ya marehemu iwe imefungwa mahakamani, fungu la watoto limeandikwa kwa majina yao, na nakala ya hati hizo iko kwa mtu wa kwenu na kwa mtu mmoja mwaminifu wa upande wa marehemu.